Mba wa Kichwani na Namna ya Kuupima Ukali Wake

Vigamba vyeupe vinapoonekana mabegani mwa mtu aliyevaa sweta nyeusi, watazamaji hutoa hukumu mbili kwa pamoja: kwamba mtu huyo ana mba mwingi, na kwamba haogi. Hukumu ya pili aghalabu si ya haki. Hukumu ya kwanza huenda ikawa kweli au isiwe kweli, kwa sababu rangi ya sweta, urefu wa nywele, mafuta yaliyopakwa kichwani na idadi ya siku zilizopita tangu kichwa kioshwe huweza kubadili kile kinachoonekana kwa jicho, ilhali ngozi yenyewe haikubadilika hata kidogo.

Jambo hili si dogo kwa kijana wa shule ya sekondari. Mwanafunzi anayechekwa kwa ajili ya mba hujaribu dawa moja baada ya nyingine. Leo hupaka maji ya ndimu, kesho mafuta ya nazi, na mwezi ujao hununua chupa iliyosifiwa na muuzaji. Kila mara huambiwa kwamba hali imekuwa nafuu, au yeye mwenyewe hujiambia hivyo. Lakini je, atajuaje kwamba nafuu hiyo ni ya kweli? Hapana budi awe na kipimo. Makala haya yanaeleza mba unavyotokea, namna wataalamu wanavyoupima, na kwa nini kugeuza vigamba kuwa tarakimu ni kazi inayohitaji uangalifu mkubwa.

Ngozi inavyojibambua

Ngozi ya binadamu hujibambua kila siku, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Katika sehemu ya chini ya tabaka la nje la ngozi, seli hugawanyika na kuzaa seli mpya. Seli hizo husukumwa kwenda juu na zile zinazozaliwa nyuma yake. Katika safari hiyo hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hupoteza kiini chake, hubapa, na mwishowe hufika juu zikiwa zimekufa. Huko hukaa kwa muda kama vigae vya paa, kisha hubanduka. Safari nzima huchukua takriban mwezi mmoja.

Seli moja iliyobanduka ina upana wa milimita 0.03 hadi 0.04, na jicho peke yake haliwezi kuiona. Katika ngozi yenye afya seli hubanduka moja moja au katika vikundi vidogo, na kwa hiyo hakuna anayezitambua. Kwa mtu mwenye mba, seli huzaliwa na kupanda upesi mno. Baadhi yake hufika juu zikiwa bado na viini, yaani kabla hazijakomaa. Seli hizo hazitengani vizuri. Hushikamana na kubanduka kwa mafungu. Fungu la namna hiyo ndilo kigamba kinachoonekana begani.

Yafaa ifahamike basi kwamba kuna mambo mawili tofauti yanayoweza kupimwa. La kwanza ni wingi wa seli zinazobanduka. La pili ni kushikamana kwa seli hizo. Jicho huona zaidi lile la pili, kwa maana seli elfu moja zilizotawanyika hazionekani, bali zikigandamana huwa kigamba kimoja. Kila njia ya kupima mba haina budi kujulikana ni lipi kati ya mambo hayo mawili inalolipima.

Fangasi, mafuta na ngozi

Mwaka 1874 mtaalamu wa Kifaransa, Louis-Charles Malassez, alieleza vijidudu vya jamii ya hamira alivyoviona katika vigamba vya ngozi. Leo fangasi hao huitwa Malassezia kwa heshima yake. Huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye mba na asiye na mba. Hawawezi kujitengenezea mafuta yote wanayoyahitaji, na kwa hiyo hupenda mahali penye tezi nyingi za mafuta, kama kichwani na pembeni mwa pua.

Fangasi hao hutoa vimeng'enya vinavyovunja mafuta ya ngozi na kuacha asidi za mafuta, mojawapo ikiwa asidi ya oleiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, asidi ya oleiki ilipopakwa kichwani iliwafanya watu wenye mwelekeo wa kupata mba wabambuke, ilhali wengine hawakuathirika vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo inasemwa kwamba mba huhitaji mambo matatu kukutana: fangasi, mafuta, na ngozi yenye wepesi wa kuudhika.

Mambo hayo yanaeleza kwa nini mba huanza hasa wakati wa kubalehe, tezi za mafuta zinapochochewa na homoni. Yanaeleza pia kwamba mba si ushahidi wa uchafu, wala hauambukizwi kwa kuazimana kitana, maana karibu kila mtu tayari anao fangasi hao.

Kupima kwa jicho

Njia inayotumika zaidi katika utafiti ni kutoa alama kwa kutazama. Nywele hutenganishwa kwa kitana, na mpimaji huigawanya ngozi ya kichwa katika sehemu 8, nne upande wa kuume na nne upande wa kushoto. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha alama zote hujumlishwa. Kwa hiyo jumla ya chini kabisa ni 0 na ya juu kabisa ni 80.

Alama hizo hazitolewi kwa kubuni tu. Kila daraja huambatanishwa na maelezo. Sifuri ni ngozi isiyo na vigamba. Alama za chini ni vigamba vidogo mfano wa unga mweupe wa kijivujivu. Alama za kati ni vigamba vikubwa vilivyoshika kwa ulegevu na kuifanya ngozi ionekane nyeupe na isiyo sawa. Alama ya juu kabisa ni vigamba vilivyogandamana kuwa mabamba ya rangi ya manjano yaliyoshika ngozini. Vigamba vinavyohesabiwa ni vile vilivyo bado kwenye ngozi. Vile vilivyokwisha kuanguka havitegemewi sana, kwani kitana au upepo huweza kuviondoa kabla ya kipimo.

Njia hii ni rahisi, haihitaji mashine, na hupima kile hasa kinachomsumbua mgonjwa. Lakini ina udhaifu wake. Alama 4 haimaanishi kwamba vigamba ni vingi mara mbili kuliko alama 2. Alama hizo ni kama nafasi za wakimbiaji katika mashindano: hueleza nani yuko mbele ya nani, lakini hazielezi kwa mita ngapi.

Udhaifu wa pili ni tofauti kati ya wapimaji. Chukuliwe mfano wa kichwa kimoja kilichotazamwa siku moja na wapimaji wawili wasioshauriana:

Mpimaji wa kwanza: 4, 4, 6, 6, 2, 2, 4, 4. Jumla 32.
Mpimaji wa pili: 4, 2, 6, 4, 2, 2, 4, 2. Jumla 26.

Kichwa ni kile kile, na siku ni ile ile, lakini tofauti ni alama 6. Sasa iwapo mpimaji wa kwanza angekipima kichwa hicho kabla ya dawa, na mpimaji wa pili akakipima baada ya wiki nne, ingeandikwa kwamba mba umepungua kutoka 32 hadi 26, hata kama dawa ilikuwa maji matupu. Ndiyo maana katika utafiti mzuri mtu yule yule hupima tangu mwanzo hadi mwisho, na wapimaji hufundishwa pamoja kwa kutumia picha kabla ya kuanza kazi.

Kupima kwa mizani, utepe na hadubini

Ili kuepuka hitilafu za jicho, njia nyingine zimebuniwa. Mojawapo ni kuvikusanya vigamba kwa kifaa cha kufyonza au kwa kuosha kichwa na kuchuja maji, kisha kuvikausha na kuvipima uzito. Mizani haina upendeleo. Hata hivyo nywele zilizokatika, vumbi na mafuta huweza kuongeza uzito, na kwa hiyo havina budi kutenganishwa kwanza.

Njia ya pili ni utepe wa kunata. Kipande cha utepe chenye ukubwa unaojulikana hukandamizwa juu ya ngozi kwa nguvu na muda ule ule kila mara, kisha hubanduliwa. Seli zilizonata huonekana dhidi ya mandhari nyeusi, na weupe wake huweza kupimwa kwa mwanga au kwa kuchunguza picha yake kwa kompyuta. Nywele ndefu huzuia utepe usifike ngozini. Kwa hiyo njia hii hufaa zaidi penye nywele fupi sana.

Njia ya tatu ni kuhesabu seli. Mwaka 1969 watafiti McGinley, Marples na Plewig walichapisha njia ya kuziondoa seli zilizo tayari kubanduka, kwa kusugua eneo dogo la ngozi kwa maji yenye kiosheo, kisha kuzihesabu kwa hadubini. Kiosheo hutenganisha mafungu ili kila seli ihesabiwe peke yake. Njia hii hupima wingi wa seli, wala si ukubwa wa vigamba.

Hesabu yake inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote. Chukuliwe kwamba eneo lililosuguliwa ni sentimita 4 za mraba, na maji yaliyotumika ni mililita 3. Tone la maji hayo huwekwa katika kioo cha kuhesabia chenye mraba wa milimita 1 kila upande na kina cha milimita 0.1. Ujazo juu ya mraba huo ni milimita 0.1 ya ujazo, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya mililita. Iwapo seli 24 zimehesabiwa humo, basi:

Seli katika mililita 1 = 24 × 10,000 = 240,000.
Seli katika mililita 3 = 240,000 × 3 = 720,000.
Seli kwa kila sentimita ya mraba = 720,000 ÷ 4 = 180,000.

Mabishano yaliyohitaji vipimo

Faida ya kuwa na vipimo inaonekana katika historia ya mba wenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama fangasi ndio chanzo cha mba, au kama wanaongezeka tu kwa kuwa wamepata chakula tele katika vigamba. Mwaka 1976 Leyden, McGinley na Kligman, waliofanya kazi Philadelphia nchini Marekani, walitoa matokeo ya kupima vitu viwili sambamba, yaani idadi ya vijidudu na idadi ya seli zinazobanduka. Waliona kwamba kupunguza vijidudu hakukupunguza ubambukaji, wakahitimisha kwamba vijidudu si chanzo.

Mwaka 1984 Shuster, mtaalamu wa Uingereza, alipinga hitimisho hilo. Alionyesha kwamba dawa za namna mbalimbali zinazoponya mba zina sifa moja kwa pamoja, nayo ni uwezo wa kuwadhoofisha fangasi. Ketokonazoli, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya fangasi, nayo ilituliza mba. Leo wataalamu wengi hukubali kwamba fangasi wana sehemu kubwa katika ugonjwa huu, ingawa si wao peke yao.

Funzo la mabishano hayo si kwamba watafiti wa mwaka 1976 walikuwa wazembe. Walipima, wakaeleza jinsi walivyopima, na kwa hiyo wengine waliweza kuyachunguza upya maneno yao. Dai lisilo na kipimo haliwezi hata kukosolewa.

Mitego inayomnasa mpimaji

Mtego wa kwanza ni wakati. Vigamba huongezeka kadiri siku zinavyopita tangu kichwa kioshwe. Kipimo cha siku ya kwanza baada ya kuosha hakiwezi kulinganishwa na cha siku ya tano. Siku hizo hazina budi ziwe sawa kila mara.

Mtego wa pili ni mafuta. Mafuta ya nywele huvilaza vigamba na kuvifanya viwe kama kioo, na hapo huonekana vimetoweka. Mtu hudhani amepona, kumbe vigamba vimefunikwa tu. Katika majuma ya kipimo mafuta yasipakwe, au yapakwe kwa namna ile ile tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtego wa tatu ni mabadiliko ya kawaida ya ugonjwa. Mba hupanda na kushuka wenyewe. Watu hutafuta dawa hasa wakati mba umepanda sana. Kwa hiyo hata wasipotumia dawa yoyote, aghalabu juma linalofuata hali itakuwa afadhali. Dawa iliyotumiwa siku ya kilele husifiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Mtego wa nne ni matumaini. Mpimaji anayejua ni kichwa kipi kimetiwa dawa huelekea kuona vigamba vichache hapo. Dawa yake ni kumficha mpimaji habari hiyo.

Mitego hii huepukwa kwa kulinganisha. Njia moja ni kugawa kichwa nusu kwa nusu: upande mmoja huoshwa kwa shampuu yenye dawa, na wa pili kwa shampuu ile ile isiyotiwa dawa, huku upande wa kutumia dawa ukichaguliwa kwa kura. Chukuliwe kwamba kila upande ulianza na alama 20. Baada ya wiki nne upande wa dawa una alama 8, na ule mwingine una alama 14. Si sahihi kusema kwamba dawa imeondoa alama 12. Alama 6 ziliondoka hata pasipo dawa, kwa kuosha na kwa kupita kwa wakati. Kinachoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa ni alama 6 zilizobaki.

Zoezi la darasani

Haifai kuvipima vichwa vya wanafunzi mbele ya wenzao, kwa maana zoezi la sayansi lisigeuke kuwa kejeli. Elimu ile ile hupatikana kwa unga wa muhogo na kitambaa cheusi.

1. Kata vipande 6 vya kitambaa cheusi, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, na uvitandaze juu ya karatasi.

2. Pima gramu 4 za unga mkavu. Ugawe mafungu mawili yaliyo sawa. Weka kando moja lenye gramu 2, na la pili uligawe tena. Endelea hivyo hadi upate mafungu ya gramu 2, 1, 0.5, 0.25 na 0.125.

3. Mwanafunzi mmoja, asiyeonwa na wengine, anyunyize kila fungu juu ya kitambaa chake kwa chujio. Kitambaa cha sita kibaki kitupu. Kisha avipange ovyo na kuvipa herufi, akiweka siri ya uzito katika daftari lake.

4. Wapimaji wawili, bila kushauriana, wakipe kila kitambaa alama kuanzia 0 hadi 10.

5. Siri ifunuliwe, na kila mpimaji achore grafu ya alama dhidi ya uzito.

Aghalabu grafu haitakuwa mstari mnyofu. Kuongezeka kwa unga kidogo kwenye kitambaa kilicho karibu kuwa kitupu huonekana mara moja, bali kitambaa kikiisha kufunikwa, unga unaozidi hauongezi weupe. Kisha zoezi lirudiwe kwa unga uliolowanishwa kidogo, ukakaushwa na kuvunjwavunjwa kuwa chembe kubwa. Uzito utakuwa sawa na wa kwanza, lakini sura itakuwa nyingine. Mwanafunzi atakuwa ameshuhudia mwenyewe tofauti kati ya wingi wa seli na kushikamana kwake.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Kupima ukali kuna faida nyingine: huonyesha lini jambo si la kujitibu. Vigamba vya kichwani si mba siku zote. Kwa mtoto asiyebalehe, mabaka yenye vigamba na nywele zilizokatika huweza kuwa mapunye, ambayo huambukizwa kwa kuazimana vitana na kofia, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza. Mabaka mazito yenye mipaka dhahiri, usaha, maumivu au nywele kung'oka ni dalili za kumpeleka mtu kituo cha afya. Kadhalika ubambukaji mkali sana unaoenea usoni na kifuani, au usiotulizwa na dawa za kawaida, wastahili kuchunguzwa. Hali hiyo huonekana zaidi kwa watu wenye magonjwa fulani, yakiwemo maambukizi ya VVU na ugonjwa wa Parkinson, ijapokuwa watu wengi wenye mba hawana lolote kati ya hayo.

Mwanafunzi aliyeandika katika daftari lake tarehe, siku tangu kuosha, dawa aliyotumia na alama za sehemu 8, atamfaa mganga kuliko yule asemaye tu kwamba mba wake ni mwingi. Naye mwenyewe hatauziwa chupa ya pili kwa sifa za chupa ya kwanza, ikiwa daftari linaonyesha kwamba ya kwanza haikumsaidia.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya wingi wa seli zinazobanduka na ukubwa wa vigamba. Ni njia ipi hupima kila kimoja?

2. Iwapo seli zingekuwa miraba yenye upana wa milimita 0.035, kokotoa idadi ya seli zinazohitajika kufunika kigamba cha milimita 1 kwa 1 kwa utando mmoja.

3. Katika kioo cha kuhesabia zimeonekana seli 36. Maji yaliyotumika ni mililita 2 na eneo lililosuguliwa ni sentimita 4 za mraba. Tafuta idadi ya seli kwa kila sentimita ya mraba.

4. Mtu mmoja asema: "Nilipaka mafuta jana, na leo mba umekwisha." Taja mambo mawili yanayotia shaka dai hilo, na upange jaribio la kulichunguza.

5. Kwa nini wapimaji wawili wa zoezi la kitambaa walikatazwa kushauriana?